Tarehe ya Taarabu ya Unguja na Heshima ya Siti binti Saad

Taarabu ya Unguja ilianza katika jumba la mfalme. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wamburudishe, kisha akampeleka Mohammed bin Ibrahim kujifunza kupiga kanuni huko Cairo. Aliporudi akawafundisha wenziwe. Mwaka 1905 wapenzi wa fani hiyo waliunda klabu ya Ikhwani Safaa, ambayo ingalipo. Kwa miaka mingi nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, na msikilizaji wa mtaa wa Ng'ambo aliambulia sauti, maneno yalimpita.

Hapa watu wa Lamu huingilia kati na dai lao. Husema shairi la Kiswahili lilikwishazoeleka kuimbwa kwao, kwa ala ya kibangala na katika ngoma ya gungu, kabla ala za Misri hazijashushwa Forodhani, Unguja. Katika hilo hawakosei. Lakini kuimba shairi kwa mapokeo ya wazee ni jambo moja, na kulitungia sauti mpya katika mtindo wa taarabu, likasikika pwani nzima, ni jingine. Heshima hiyo ya pili ni ya Siti binti Saad, wakubali wasikubali.

Siti alizaliwa Fumba, shamba, yapata 1880, katika familia ya kitumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akivitembeza huku akiwaita wanunuzi kwa sauti iliyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Alihamia mjini mwaka 1911, akakutana na wanamuziki Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Baraza lao lilitunga kwa pamoja: huyu huleta habari ya mtaani, yule huipanga kwa vina, mwingine huitafutia sauti. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni na mwuaji aliyekimbilia bara, ni wa mkondo huo.

Wenye wivu walimsuta kwa wimbo: katoka shamba, hana ukoo wala sura. Siti hakwenda kwa kadhi wala kwa mudiri. Alijibu kwa wimbo pia, kwamba mtu hupimwa kwa akili yake, na jibu likadumu kuliko tusi. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, wakati ambapo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekwisha kufanya hivyo. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Waliomsuta hawakuandikiwa hata ukurasa.

Kazi yenyewe ya kulitia shairi muziki ina taratibu zake. Mshororo wa kawaida una mizani 16, nane kila kipande, na kina katikati na mwishoni. Beti za taarabu aghalabu ni za mishororo mitatu. Ugumu unatokana na lugha yenyewe: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na kina kimo katika silabi ya mwisho, isiyo na mkazo. Mtunzi wa sauti akiufuata mkazo peke yake, kina humezwa. Akivuta kina kupita kiasi, neno huharibika. Fundi huinua sauti kwenye mkazo, huiteremsha kwenye kina na kuishikilia hapo, kisha fidla hurudia mahadhi hayo mwimbaji akivuta pumzi. Mshororo huimbwa mara mbili, hivyo anayesikiliza hupata nafasi ya kufumbua fumbo.

Siti alifariki 1950. Fani haikufa naye: Culture Musical Club ilianzishwa 1958. Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir kwa mahadhi yenye ladha ya filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alipigia udi tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti hadi uzeeni, alifariki 2013.

Katika miaka ya 1990 ilizuka taarabu ya kisasa ya vinanda vya umeme na mipasho ya wazi, ambayo mizani yake haihesabiki, wala wachezaji hawaulizi. Hata hivyo, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kinaendelea kufundisha kanuni, udi na fidla.