Kate Bush na Haki ya Kuchagua Wimbo
Wanaoandika historia ya muziki wa Uingereza huisifu albamu ya kwanza ya Kate Bush, The Kick Inside, kwa sauti nyembamba ya mwimbaji na kwa miondoko aliyojifunza kwa Lindsay Kemp, bingwa wa maigizo bubu. Mimi nauona uzito wake katika mvutano uliotangulia kutolewa kwake Februari 1978. Kampuni ya EMI ilitaka kutanguliza James and the Cold Gun, wimbo wa roki wa kawaida. Bush, binti wa miaka 19 (umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza), alishikilia Wuthering Heights, ambamo mzuka wa Catherine, mhusika wa riwaya ya Emily Brontë, unamlilia mpenzi wake dirishani. Alishinda. Mwezi uliofuata wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma manne, na hapakuwa na mwanamke aliyewahi kufika hapo nchini Uingereza kwa wimbo aliouandika peke yake.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1847 Brontë aliichapisha riwaya hiyo kwa jina la Ellis Bell, akihofia wahakiki wangempima kwa jinsia yake. Miaka 131 baadaye, nyimbo zote 13 za albamu zilibeba jina la mwanamke aliyezitunga. Hata hivyo, usukani wa studio ulikuwa mikononi mwa mtayarishaji Andrew Powell. Bush aliushika peke yake katika albamu ya nne, mwaka 1982.