Gitaa linarekodi kwa sauti ndogo? Kagua haya kabla ya kununua kifaa kipya

Waya umechomekwa, taa inawaka, programu ya kurekodi imefunguliwa. Gitaa linapigwa, lakini kwenye skrini mawimbi ya sauti ni kamstari tu kembamba. Nobu ya geini inazungushwa hadi mwisho, na kinachoongezeka ni ule mvumo wa "shhh".

Hapo ndipo wengi wanaorekodi nyumbani huamua kwamba intafesi imekufa. Intafesi ni kile kiboksi kinachounganisha ala na kompyuta kupitia USB, ambacho wengi hukiita saundi kadi. Safari ya kutafuta hela ya kingine inaanza.

Mara nyingi kiboksi ni kizima. Shida iko kwenye tundu lililotumika, kitufe kisichobonyezwa, waya usiofaa au betri iliyoisha. Wakati mwingine hata shida yenyewe haipo.

Njia ya kuitafuta ni moja: anza kwenye ala, fuata waya hadi kwenye programu, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Kwanza: je, sauti kweli ni ndogo?

Kipimo cha sauti kwenye programu kinaishia 0. Ikifika hapo, sauti inapasuka na haitengenezeki tena. Ndiyo maana namba zote za kurekodi huwa chini ya 0.

Kwa gitaa, lenga vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -18 na -12. Ukipiga kwa nguvu sana, -8 au -6 si mbaya.

Sasa angalia kinachochanganya watu. Kila desibeli 6 zinazoshuka, wimbi linapungua karibu nusu. Kwa hiyo sauti yenye kilele cha -12 inaonekana kama robo tu ya kimo cha traki, na ya -18 ni kama sehemu moja ya nane. Mtu aliyezoea kuona mawimbi manene ya nyimbo zilizokwisha kumalizwa studio atadhani kuna hitilafu, kumbe yuko sawasawa.

Kurekodi kwa biti 24 kunaruhusu hilo. Kinadharia biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, wakati biti 16 zina 96. Sauti ya -15 ukiiongeza baadaye haitakuletea kelele ya maana.

Lakini kama unapiga kwa nguvu na kipimo kinasoma -40, hiyo ni asilimia 1 tu ya kimo. Hapo kuna tatizo, endelea kusoma.

Kwa nini gitaa lina tabu yake

Maiki ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Kinanda au miksa hutoa mwingi: kiwango cha vifaa vya studio ni takriban volti 1.23. Gitaa la umeme lisilo na betri liko katikati, kuanzia makumi hadi mamia ya milivolti.

Ila tofauti kubwa iko kwenye ukinzani. Pikapu ya gitaa ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Haina nguvu ya kusukuma mkondo mkubwa. Ukiichomeka kwenye tundu lenye ukinzani mdogo, ni kama kufungulia bomba kubwa kwenye tangi dogo la maji: presha inashuka papo hapo.

Tundu la gitaa, lile lenye alama ya INST au Hi-Z, huwa na ukinzani wa karibu omu milioni 1. Tundu la LINE mara nyingi lina makumi ya maelfu tu, na la maiki maelfu machache.

Ndiyo sababu gitaa kwenye LINE linasikika dogo na pia limefifia makali, kama limefunikwa blanketi. Ukisikia hayo mawili kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni tundu.

1. Anza na ala

Zungusha nobu ya sauti ya gitaa hadi mwisho. Ni jambo dogo, lakini linasahaulika.

Gitaa la akustika lenye priampu ya ndani, na magitaa mengi ya besi, hutumia betri ya volti 9. Betri ikichoka, sauti hupungua, hukwaruza, kisha hupotea. Kwenye mengi ya magitaa hayo tundu la waya ndilo swichi: waya ukiwa umechomekwa, betri inaliwa hata kama hupigi. Ukimaliza kazi, chomoa.

Kama pikapu iko mbali na nyuzi, ipandishe kidogo kwa bisibisi, robo mzunguko kila mara. Usiisogeze karibu mno. Sumaku huvuta nyuzi na gitaa likaanza kutoa sauti isiyo sawa.

Kwa kinanda, weka sauti yake kwenye robo tatu au zaidi. Unapotumia waya mmoja, chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/MONO.

2. Waya: hesabu pete nyeusi

Tazama pini ya waya. Waya wa gitaa una pete nyeusi moja. Wenye pete mbili ni wa stereo, au wa vifaa vya studio.

Kosa linalowapata wengi wenye vinanda ni kutoa sauti kwenye tundu la hedifoni, kwa waya wa pete mbili, na kuingiza kwenye tundu moja la LINE. Tundu hilo huchukua tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Kilicho sawa pande zote mbili kinafutana, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya ajabu. Hapo kuongeza geini hakusaidii kitu. Tumia waya mbili, kila upande na tundu lake.

Pia usitumie waya wa spika kwa gitaa. Kwa nje zinafanana, lakini wa spika hauna ngao ya ndani ya kuzuia mvumo wa umeme. Na kabla ya kulaumu kitu kingine, jaribu waya mwingine wa gitaa.

3. Tundu na kitufe

Intafesi nyingi zina tundu la pamoja: pembeni panaingia pini ya maiki yenye miguu mitatu, katikati panaingia jeki. Ukichomeka gitaa katikati, kiboksi hakijui ni gitaa mpaka ukiambie. Bonyeza INST. Kwenye Scarlett 2i2 ya Focusrite, kwa mfano, INST iko upande wa mbele.

Vingine havina kitufe hicho kwa sababu kila tundu lina kazi yake. UMC22 ya Behringer ina tundu namba 1 la maiki na LINE, na namba 2 la ala. Gitaa likiingia namba 1 litasikika dhaifu tu, hata ufanye nini.

Angalia pia kitufe cha PAD. Kazi yake ni kupunguza sauti, kwa hiyo kiwe kimezimwa. Ile 48V ni umeme wa maiki za kondensa, haiongezi sauti ya gitaa.

Kama intafesi haina tundu la gitaa kabisa, suluhisho ni DI boksi. Gitaa linaingia kwenye DI, kisha waya wa maiki unatoka hapo hadi kwenye tundu la maiki.

Tahadhari moja: usichukue waya kutoka tundu la spika la amplifaya na kuuingiza kwenye intafesi. Umeme wa pale ni mkubwa na unaweza kuunguza kiboksi. Tumia tundu la amplifaya lililoandikwa LINE OUT, kama lipo.

4. Geini: piga kwa nguvu, si kwa majaribio

Watu wengi hupima sauti kwa kuchezea nyuzi taratibu, halafu wakianza kurekodi wanapiga kwa nguvu. Fanya kinyume. Piga ile sehemu ya wimbo yenye nguvu zaidi kwa sekunde 30 na upandishe geini hadi vilele vifike karibu -12. Taa nyekundu ikiwaka, rudisha nyuma.

Nobu kubwa ya MONITOR si geini. Inaongeza unachosikia kwenye spika, sio kinachorekodiwa. Vivyo hivyo kitelezi cha traki ndani ya programu: ukikipandisha, wimbi lililokwisha kurekodiwa halikui.

5. Kompyuta inasikiliza nini?

Gonga mfuniko wa laptop kwa kidole. Kipimo kikiruka, basi programu inarekodi kwa maiki ya laptop, sio kwa intafesi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu, chagua intafesi, kisha chagua tundu husika, 1 au 2.

Traki iwe ya mono. Gitaa moja kwenye traki ya stereo mara nyingi hutokea sikio moja tu, na huonekana kama limepoteza nusu ya nguvu.

Kwa Windows, weka draiva ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji wa intafesi kama ipo. Kama unatumia draiva ya kawaida ya Windows, fungua mipangilio ya sauti uone kama kiwango cha kuingiza hakijashushwa.

6. Wanaorekodi kwa simu

Usichomeke gitaa moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu. Maiki ya tundu hilo haikutengenezwa kwa gitaa. Zipo adapta za kazi hiyo, kama iRig ya IK Multimedia.

Ukitumia intafesi ya USB na simu ya Android, unahitaji adapta ya OTG. Intafesi hula umeme wa simu, na simu isipotosheleza, kiboksi huzimika au huleta mikwaruzo. Habu ya USB yenye chaja yake huondoa tabu hiyo. Kwa iPhone za tundu la Lightning, ipo adapta ya Apple yenye nafasi ya kuchajia.

7. Jaribio la dakika 5 la kumpata mkosaji

• Gitaa ni dogo kwenye tundu 1, zuri kwenye tundu 2, zote zikiwa INST na geini sawa: tundu 1 lina hitilafu.

• Maiki inasikika vizuri, gitaa dogo: rudi kwenye INST, waya na betri.

• Gitaa lingine linasikika vizuri kwa waya uleule: tatizo ni gitaa lako. Huenda ni nobu, tundu la jeki au solda iliyoachia. Hiyo ni kazi ya fundi, si sababu ya kununua intafesi.

• Kila ala ni dhaifu kwenye kila tundu, hata kwenye kompyuta nyingine: hapo ndipo intafesi inastahili kulaumiwa.

Na kama wimbo umesharekodiwa?

Kama gitaa ni safi ila dogo, ongeza sauti ya kipande hicho ndani ya programu na uendelee na kazi. Kama mvumo nao unapanda, au gitaa limefifia kwa sababu liliingia LINE, kuongeza makali kwa programu kutaongeza na kelele. Kurudia kurekodi ni bora.

Shida ni pale mpiga gitaa alipokuja mara moja tu na ameshaondoka. Ndiyo maana zile sekunde 30 zifanyike kabla: rekodi kipande kifupi, simamisha, kisikilize kwa hedifoni, tazama kipimo. Kikiwa sawa, mwambie aanze.