Leseni ya Komisionere: Hoja kutoka Ibanda

Anayetafuta nyumba ya kupanga Nyawera au kiwanja cha kujenga Panzi, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haanzii kwenye ofisi ya ardhi. Huanza na komisionere, yaani dalali wa nyumba na viwanja. Huyo ndiye anayejua nani anahama, ndugu gani wanataka kugawana parseli ya marehemu baba yao, na bei ipi ya dola mwenye nyumba ataikubali. Ni kazi halali na yenye manufaa. Lakini wengi wanaoifanya hawana kibali ambacho mtu anaweza kuwanyang'anya, na hapo ndipo mnunuzi anapobaki bila kinga.

Mjadala wa leseni ya udalali huelemea upande mmoja: mtu asome nini, alipe nini, apeleke karatasi wapi ili aipate. Kwangu swali zito ni la pili, yaani afanye nini ili abaki nayo. Sababu imo ndani ya sheria ya ardhi yenyewe.

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Dola. Raia hupewa haki ya kuitumia tu, na kwa kifungu cha 219 haki hiyo husimama kisheria kwa hati ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Kumbe mitaani kinachopita mkono kwa mkono mara nyingi ni karatasi ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi na shefu wa mtaa. Komisionere asiyejua tofauti hiyo anamuuzia mama mwenye akiba yake yote kitu ambacho mahakama huenda isikitambue. Tena kifungu cha 227 kinaipa hati nguvu kubwa: ikishapita miaka 2, haivunjwi kwa urahisi, na aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Fidia hiyo ataidai kwa nani, ikiwa aliyewakutanisha hana ofisi, hana dhamana, wala jina lake halimo katika daftari lolote?

Si kwamba sheria imenyamaza. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na Sheria ya Pamoja ya Biashara ya jumuiya hiyo inamtaka dalali asiegemee upande wowote kati ya wale anaowakutanisha, na awaeleze yote yanayohusu mapatano yao. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo imeweka kikomo: garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Komisionere anayembembeleza mpangaji alipe miezi 6 anamshauri avunje sheria. Masharti yapo, kinachokosekana ni adhabu inayomgusa mvunjaji katika riziki yake.

Kenya waliijaribu leseni ya udalali mapema. Sheria yao ya Mawakala wa Majengo ya 1984 iliunda bodi ya usajili, ikadai hati ya kufanyia kazi inayohuishwa kila mwaka, na ikaweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miaka 2 kwa anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Hata hivyo madalali wasiosajiliwa wamejaa Nairobi na Mombasa. Naamini kosa moja ni kuweka mlango wa kisomi ambao kijana wa mtaani hawezi kuupita, kwa hiyo akaendelea na kazi nje ya uzio. Ibanda ikifuata njia hiyo itawafukuza walewale wanaoujua mji.

Napendekeza kinyume chake: leseni iwe rahisi kuipata na ngumu kuitunza. Mtihani uwe mfupi, kwa Kiswahili na Kifaransa: kusoma hati ya usajili, kutambua mipaka ya parseli, na kumweleza mnunuzi wazi kama kilima kinatembea. Hili la mwisho si dogo katika mji ambao poromoko la Funu, upande wa Kadutu, limesogeza nyumba miaka nenda rudi. Baada ya hapo kila mwenye leseni achangie mfuko wa dhamana wa kuwalipa waliodanganywa, na leseni isihuishwe mwaka unaofuata kama ana shauri ambalo hajalimaliza.

Pingamizi kubwa ni la mamlaka. Tangu Februari 2025 Bukavu imo mikononi mwa waasi wa M23, na leseni iliyotolewa na upande mmoja inaweza kukataliwa na mwingine. Ni kweli, na kwa sababu hiyo daftari lisingoje gavana. Makomisionere wenyewe wanaweza kuunda chama chenye orodha ya wazi na mfuko wake, ambacho Dola itakithibitisha baadaye. Wakati wa vita watu huhama na kuuza kwa haraka, na hati bandia hupata wanunuzi wengi zaidi.

Vitivo vya sheria vya Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu vina walimu wanaoijua sheria ya 1973 kifungu kwa kifungu. Naviomba viandike mtihani huo na kuufungua kwa makomisionere wa Ibanda bila kuwadai diploma.