Vazi la Motokaa

Mtu anunuapo kanzu huchagua rangi aipendayo, na akiichoka huivua akavaa nyingine. Motokaa haikuwa na bahati hiyo. Kwa miaka mingi rangi yake ilikuwa kama milia ya punda milia: aliyezaliwa nayo hufa nayo, isipokuwa mwenyewe awe na fedha nyingi za kumlipa fundi. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu aweza kununua bunda la utando wa plastiki, akaivisha motokaa yake nyumbani kwa mikono yake, na majirani wakadhani amenunua nyingine. Katika insha hii nataka tuifuate njia iliyotufikisha hapa. Tutaona kwamba habari ya rangi ni habari ya mamlaka pia: nani alikuwa na haki ya kuchagua, nani aliipoteza, na yampasa nini yule ambaye haki hiyo imemrudia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 motokaa zilipakwa rangi kwa njia ile ile iliyotumiwa kwa magari ya farasi. Fundi alipaka mkono mmoja wa rangi ya mafuta kwa brashi, akangoja ukauke, akausugua kwa maji na unga wa jiwe mpaka ukawa laini, ndipo akapaka mkono wa pili, na wa tatu, na mingine mingi. Mwisho wa yote alipaka vanishi. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa, na adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Chembe ndogo ikitua juu ya vanishi mbichi iliharibu kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo mafundi walifagia chumba na kunyunyizia sakafu maji kabla ya kugusa brashi. Tajiri aliagiza rangi aliyoitaka, lakini ilimpasa kungoja, na maskini hakuwa na la kuagiza.

Kisha akatokea Henry Ford wa Marekani. Mwaka 1908 alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T kwa bei ya dola 850. Miaka ya kwanza ilipatikana kwa rangi mbalimbali, kama vile nyekundu, kijivu na kijani. Lakini mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Ford alipanga kazi kwa mstari: gari lilisogezwa mbele, na kila mfanyakazi akatenda tendo moja tu. Kuunganisha fremu na mitambo yake, kazi iliyochukua zaidi ya saa 12, sasa kulichukua kama saa moja na nusu. Je, magari yatokayo kwa wingi namna ile yangewekwa wapi yangoje rangi ya wiki nyingi? Tangu mwaka 1914 mpaka 1925 Model T ikatolewa kwa rangi nyeusi peke yake. Weusi huo ulichanganywa na lami, ukakaushwa katika tanuri. Ulikuwa rahisi kwa bei na mgumu kuharibika. Bei ya gari nayo ilishuka hata ikawa chini ya dola 300. Hapa pana jambo la kutafakari. Watu wasiohesabika walipata motokaa kwa mara ya kwanza, lakini haki ya kuchagua rangi iliwatoka ikahamia kiwandani.

Weusi huo uliondolewa na kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Kampuni ya DuPont, iliyoanzishwa mwaka 1802, ilikuwa mashuhuri kwa kutengeneza baruti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, ilikuwa na ujuzi mwingi wa pamba iliyotiwa asidi, ambayo kwayo baruti na filamu za picha hutengenezwa, na ikaitafutia kazi ya amani. Wataalamu wake walipata njia ya kuifanya nyepesi hata ikaweza kunyunyizwa kwa bomba la hewa, nayo ikakauka kwa saa chache. Rangi hiyo iliitwa Duco. Kampuni ya General Motors iliipaka motokaa zake za Oakland za mwaka 1924 rangi ya buluu, na wanunuzi wakafurahi. Muda si muda Ford naye alilazimika kurudisha rangi nyingine, na mwaka 1927 akaacha kabisa kutengeneza Model T. Basi kile kilichokuwa jamaa ya baruti kilivunja utawala wa rangi moja. Walakini mnunuzi alichagua mara moja tu, siku ya kununua. Akitaka kubadili baadaye, ilimpasa kwenda kwa fundi mwenye bomba, msasa na tanuri, na gari likirudi, rangi ya kwanza imekwisha kupotea isiweze kurudi.

Utando wa plastiki una ukoo wake mwingine. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja aitwaye Waldo Semon, wa kampuni ya B. F. Goodrich huko Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushika mpira juu ya chuma. Aliichemsha plastiki ngumu iliyokuwa ikijulikana tangu karne ya 19, lakini haikuonekana kuwa na faida, pamoja na viowevu fulani. Gundi hakuipata. Alichopata ni plastiki laini iliyonyooka na kukunjika bila kuvunjika, ambayo leo twaiita vinili. Kwa hiyo aliyetafuta gundi alipata ngozi. Wengine waliokuja baadaye waliipaka ngozi hiyo gundi inayoshika kwa kubanwa tu, nayo ikawa kitu cha kuandikia matangazo juu ya malori na mabasi.

Jambo lililoufanya utando huu kuwa vazi la gari zima lilitokea Ujerumani, tena kwa ajili ya sheria. Tangu mwaka 1971 sheria ya Ujerumani Magharibi iliamuru kwamba teksi zote ziwe na rangi hafifu ya pembe za ndovu. Kabla ya hapo zilikuwa nyeusi. Sheria ilikuwa na maana, kwa kuwa abiria aliweza kuitambua teksi kwa mbali. Lakini dereva alipotaka kuiuza motokaa yake kuukuu, wanunuzi waliikwepa, maana kila mtu aliijua kuwa ilikuwa teksi. Ilimbidi ama aipake upya kwa gharama kubwa ama akubali bei ya hasara. Mwaka 1993 kampuni ya KPMF ilitakiwa itengeneze utando unaofanana na rangi ile ya sheria. Tangu hapo dereva aliweza kununua gari la rangi yoyote, akalivika vazi la teksi, na siku ya kuliuza akalivua. Chini yake rangi ya kiwandani ilikuwa ingali safi. Baadaye baadhi ya majimbo yalilegeza sharti lile, lakini ujuzi ulikwisha kuenea duniani, ukafika mpaka kwa mtu asiye na teksi ambaye ataka tu gari lake jeupe liwe la buluu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Utando mzuri wa kuvisha gari, pamoja na gundi yake, una unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Ulio bora hutengenezwa kwa kumimina plastiki ikiwa maji maji na kuikausha, wala si kwa kuikanda baina ya magurudumu ya moto. Sababu ni kwamba plastiki iliyovutwa kwa nguvu hukumbuka umbo lake la kwanza, na ikipigwa na jua hujikunja ili irudie. Mvishaji huosha gari, akaondoa nta na mafuta kwa spiriti, akafuta hata ndani ya kingo za milango na boneti. Kisha hutandaza utando, akaubana kutoka katikati kuelekea pembeni kwa kibao chembamba kilichovishwa kitambaa, ili hewa itoke. Penye pembe na mviringo huupasha hewa ya moto ili ulainike, na mwisho hupasha kingo zote joto kali zaidi ili plastiki isahau umbo lake la zamani. Asipofanya hivyo, kingo huinuka. Paa na boneti huchakaa kwanza, kwa sababu jua hupiga pale moja kwa moja.

Nimeandika hayo kwa ujasiri kwa kuwa nimeadhibiwa nayo. Likizo moja mimi na ndugu yangu mdogo tuliamua kuivika boneti ya motokaa yangu kuukuu. Tuliiosha kwa haraka, tukaanza kazi uani upepo ukivuma. Ndugu yangu aliuliza, "Kaka, kingo za chini tumezifuta?" Nikamjibu kwamba hakuna atakayeziona. Kabla ya wiki mbili kwisha kingo zote zilikuwa zimeinuka kama majani makavu ya mgomba, na vumbi lililonaswa chini lilionekana kama vipele. Tulipoubandua utando ule, ulitoka na kipande cha rangi ukubwa wa kiganja, na chini yake palikuwa na kutu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameificha kwa rangi mbovu, nami nilitaka kuificha mara ya pili bila kujua. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.

Mara ya pili tuliondoa kutu, tukapaka rangi mpya na kuiacha wiki nyingi ikauke kabisa. Tulihamia katika ghala la jirani, tukafagia na kunyunyizia sakafu maji. Kusafisha kulichukua siku nzima. Kuvisha kulichukua saa mbili. Utando huo haujainuka mpaka leo. Nilipokuwa nikimwaga maji sakafuni niliwakumbuka wale mafundi wa magari ya farasi, nikaona kwamba katika miaka zaidi ya mia moja kila kitu kimebadilika isipokuwa hicho.

Hata hivyo uhuru wa mwenye gari una mpaka. Hapa Kenya hati ya umiliki hutaja rangi ya gari, na mwenye kuibadili yampasa aijulishe mamlaka inayosajili magari, kwa maana rangi ni mojawapo ya alama zinazomwezesha polisi au shahidi kulitambua gari. Tena magari ya abiria yaliamriwa yavae utepe wa manjano kuanzia mwaka 2004, na sababu yake ni ile ile ya teksi za Ujerumani: watu walio barabarani nao wana haki ya kujua wanachokiona.

Basi haki ya kuchagua rangi ilitoka kwa tajiri na fundi wake ikaenda kiwandani, na sasa imefika mkononi mwa mtu wa kawaida mwenye kibao na kitambaa. Lakini ilipomfikia, haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na kazi ambayo zamani ilifanywa na fundi kwa niaba yake: kufagia, kufuta kingo zisizoonekana, na kuitibu kutu kabla ya kuifunika. Atakaye kuchagua kama bwana hana budi kufuta kama mtumishi.