Shime Kuokoana: Nadi za Taarab Unguja

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji wake hukaa akizilinganisha kitambo kirefu kabla wimbo haujaanza. Si ala ya kununuliwa na kijana wa mshahara mdogo. Katika Unguja ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, aliyetamani kuigusa alikuwa na njia mbili: ama awe karibu na jumba la Sultani, ama ashikane na wenzake.

Njia ya kwanza ilikuwa ya wachache. Husimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, naye aliporudi akapiga mbele ya bwana wake. Njia ya pili ilifunguka mwaka 1905, vijana wa mjini walipounda Nadi Ikhwan Safaa, ndugu wa moyo safi, jina lililokwisha kubebwa na wanazuoni wa Basra karne nyingi kabla yao. Ala zikawa za nadi. Hilo laonekana jambo dogo, kumbe ndilo lililobeba mengine yote: mpigaji akisafiri, akiugua au akifariki, udi hauondoki naye, hubaki ukutani ukimngoja mwanafunzi. Na wengi wao hawakula kwa muziki. Mchana walikuwa na kazi zao, usiku wakakutana kufanya mazoezi.

Haifai kuwasifu kupita kiasi. Nadi ile ilikuwa ya wanaume, na kwa muda mrefu iliimba Kiarabu ambacho wasikilizaji wengi hawakukijua. Kiswahili kilipata nguvu yake ng'ambo ya pili ya mji, nyumbani kwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Huko hakukuwa na nadi yenye daftari la wanachama, bali kulikuwa na baraza. Kila usiku Siti, Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku walikaa pamoja, habari za mitaani zikaletwa, kesi za mahakamani zikazungumzwa, na beti zikatungwa kwa vinywa vingi. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Jina lililovuma ni la Siti, na alistahili; lakini mpenzi wa mashairi akisikiliza vizuri atatambua kazi ya kundi zima. Siti alifariki mwaka 1950. Wasifu wake alioandika Shaaban Robert ulitoka mwaka 1958.

Mwaka huohuo wa 1958, siasa za vyama zikiwa zimepamba moto, kilizaliwa kikundi kilichojiita Shime Kuokoana. Hakuna jina la kikundi cha muziki katika pwani hii linalosema wazi zaidi shida iliyowakusanya watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikundi hicho kiliingia chini ya serikali, kikawa kile tunachokijua leo kama Culture Musical Club. Ikhwan Safaa nayo ilipoteza jina, ikajulikana kwa tawi la chama tawala la mtaa wake wa Malindi. Serikali iliwapa wanamuziki ulinzi, nayo ikataka nyimbo zake ziimbwe. Hata hivyo mazoezi ya usiku hayakukatika, na wanawake, ambao awali walikuwa na vikundi vyao kama Sahib el-Ari na Nur el-Uyun, sasa wakaimba mbele ya okestra hizo kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, sauti ya nadi ilipochapwa London, jina juu ya jalada lilikuwa Ikhwani Safaa.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa soko. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam iliwaka kwa mipasho, TOT ikishindana na Muungano, na waimbaji waliokuzwa Unguja wakaitwa huko. Khadija Kopa alitoka Culture. Nani angewalaumu? Mwimbaji naye ana watoto. Ila kinanda cha umeme kilipoanza kufanya kazi ya wapiga fidla wanane, ilionekana pia kwamba kundi dogo hugawana fedha nyingi zaidi, na wapiga fidla hao wanane wakabaki wakitazamana.

Nadi kongwe zilipumua kwa kusaidiwa na chuo. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza kufundisha katika jengo la Forodha ya zamani, walimu wakiwa baadhi yao wapigaji wa nadi hizohizo. Mwaka 2019 chuo chenyewe kilikuwa kikiomba msaada kisifungwe. Na mwaka 2009 Mariam Hamdani aliwakusanya wanawake katika kundi la Tausi. Waliketi na udi, fidla, kanuni na dumbaki mapajani, wakapiga wenyewe.