Mizinga Miwili ya Mombasa

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, ikazama. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg nayo ikaangamia mtoni Rufiji. Mizinga ya zote mbili iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana barani.

Leo mzinga mmoja wa kila manowari umewekwa Mombasa, penye Fort Jesus. Haipigi tena, adui yake sasa ni mmoja, kutu iletwayo na chumvi ya bahari. Mtunzaji yampasa aioshe kwa maji matamu, aikaushe, aipake rangi izuiayo kutu. Lakini asizisugue alama zilizopigwa chumani: hizo ndizo ushahidi wake, nazo zikifutika hazirudi.