Kurudisha nguvu za misuli ya mtoto baada ya dozi ndefu ya prednisoloni

Mtoto anapovimba uso na miguu kwa sababu figo zinapitisha protini kwenye mkojo, mara nyingi hupewa prednisoloni. Anapotibiwa mara ya kwanza, kwa kawaida huitumia wiki 8 hadi 12: mwanzoni kila siku, kisha siku moja anakunywa na siku inayofuata hanywi. Uvimbe ukiisha, huenda mama akaona jambo jingine. Mtoto anashika magoti anapoinuka kwenye mkeka, au anaachwa nyuma na wenzake kwenye vilima vya Haydom wakienda shule. Usimwite mvivu.

Kwa nini misuli hulegea?

Prednisoloni ni steroidi, lakini si zile ambazo baadhi ya vijana hutumia kutunisha misuli. Hii hutuliza kinga ya mwili, na ikitumika muda mrefu hupunguza misuli, hasa ya mapaja na nyonga. Dozi fupi ya siku 3 hadi 5, kama ya pumu, kwa kawaida haileti shida hii. Dozi ikishapunguzwa, nguvu hurudi taratibu, kwa wiki au miezi.

Usimwachishe dawa ghafla

Hata ukiona misuli imelegea, usikatishe dawa mwenyewe. Mwili uliozoea prednisoloni hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Mazoezi ya nyumbani

Anza uvimbe ukiwa umeisha na daktari akiwa amekubali. Fanyeni siku 3 kwa wiki, mkipumzisha siku moja katikati.

- Kuketi kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara 8. Akishindwa, tumia kiti kirefu zaidi.
- Kupanda na kushuka ngazi moja ya mlangoni, mara 8 kwa kila mguu.
- Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 8.

Apumzike kidogo, kisha arudie mzunguko mmoja. Wiki ikipita bila maumivu, ongeza mara 2. Siku nyingine acheze na kutembea kama kawaida. Asibebeshwe ndoo ya maji wala mzigo mzito, kwa sababu dawa hii hudhoofisha mifupa pia.

Chakula

Misuli hujengwa kwa protini: maharage, mayai, maziwa, nyama. Maziwa husaidia na mifupa. Punguza chumvi, hasa uvimbe ukirudi. Dawa huongeza njaa, kwa hiyo mpe matunda na mboga badala ya soda na maandazi.

Mpeleke hospitali mapema ukiona

- uso umevimba asubuhi, au mkojo una povu au ni kidogo;
- maumivu ya mgongo au nyonga, au anachechemea;
- udhaifu unaongezeka, au hawezi kuinuka;
- homa, au maumivu ya tumbo.

Akitapika na kushindwa kunywa dawa, au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, mpeleke saa hiyo hiyo.

Kwa miezi mingi baada ya kumaliza dawa, hata mwaka, kila mnapofika kituo cha afya sema: "Mtoto huyu alitumia prednisoloni." Akiugua sana au akihitaji upasuaji, huenda akahitaji kupewa tena kwa muda. Sema hivyo pia kabla ya chanjo yoyote.